KUIFUNZA KOMPYUTA KUONA
Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mabira

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapenzi, wazazi mliofika, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyakalia sisi jana.

 

Barua ya Ndugu Katibu iliniomba nieleze kile ninachokisomea chuoni, kwa lugha ambayo kidato cha kwanza watailewa na wazee hawatasinzia. Ni sharti gumu, lakini ni la haki. Elimu inayoshindwa kuelezwa kijijini ilikotoka ina kasoro, na kasoro hiyo si ya kijiji.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa takwimu: kuhesabu, kupanga hesabu katika majedwali, na kuwaeleza wakubwa maana yake. Sasa nimevuka miaka arobaini na nimerudi chuo kuchukua shahada ya pili. Somo langu linaitwa uchakataji wa picha na uoni wa kompyuta. Nikiwatajia watu jina hilo, wengi hudhani nimefungua studio. Shangazi yangu aliniuliza kama serikali imeishiwa wapiga picha hata iwasomeshe watu wenye mvi. Nimekuja kumjibu shangazi, na kwa kupitia kwake niwajibu wote.

Tuanze na picha yenyewe. Sisi tukitazama picha ya mgomba tunaona mgomba. Kompyuta haioni mgomba, inaona namba. Chukueni karatasi yenu ya grafu, ile ya somo la hisabati. Kila kijumba kipeni namba moja: 0 kama ni cheusi tititi, 255 kama ni cheupe pe, na namba za katikati kwa weusi unaofifia. Mkimaliza kujaza vijumba vyote mtakuwa mmeiandika picha. Kijumba kimoja cha namna hiyo huitwa pikseli. Kwa picha ya rangi, kila pikseli hupewa namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu. Simu yenye kamera ya pikseli milioni 12 ikipiga picha moja inaandika namba milioni 36. Hakuna karani wa takwimu aliyewahi kujaza jedwali kubwa kiasi hicho kwa kupepesa jicho.

Kazi hii ilianza kwa udogo. Mwaka 1957 mhandisi mmoja wa Marekani, Russell Kirsch, pamoja na wenzake waliingiza picha ya kwanza katika kompyuta. Ilikuwa picha ya mwanawe mchanga wa miezi mitatu, nayo ilikuwa na vijumba 176 kwa 176, yaani 30,976 tu.

Picha ikishakuwa namba, yale mliyofundishwa darasani yanaanza kufanya kazi. Nitatoa mifano miwili. Tuseme mstari mmoja wa pikseli unasomeka hivi: 200, 200, 200, 60, 60, 60. Toeni kila namba kutoka kwa jirani yake. Mtapata 0, 0, 140, 0, 0. Hiyo 140 ni nini? Ni ukingo, hapo ndipo jani linapoishia na kivuli kinapoanza. Kwa kutoa tu, hesabu ya shule ya msingi, kompyuta imepata mpaka wa jani.

Mfano wa pili. Pikseli tano zinasomeka 90, 92, 250, 91, 89. Ile 250 ni takataka: vumbi kwenye kioo, au tone la maji lililong'aa. Mkichukua wastani mtapata 122.4, namba isiyofanana na yeyote kati ya hao watano. Mkosaji mmoja amewaharibia wote. Lakini mkizipanga kwa ukubwa, 89, 90, 91, 92, 250, na kuchukua iliyosimama katikati, mtapata 91. Takataka imeondoka na jani limebaki. Sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha picha, kuanzia za hospitalini hadi za setilaiti, imejengwa juu ya hesabu za aina hii. Kwa hiyo, kijana, mwalimu wa hisabati akikufundisha wastani usimwulize utautumia wapi. Nimekwambia.

Kusafisha picha ni jambo moja. Kuelewa kilichomo ni jambo jingine, na hapo wataalamu walihangaika kwa muda mrefu. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT huko Marekani, Seymour Papert aliandika mpango wa kuwatumia wanafunzi wakati wa likizo ya kiangazi ili wajenge sehemu kubwa ya mfumo wa kuona wa kompyuta. Likizo moja! Imepita miaka karibu sitini na kazi bado inaendelea. Sababu yake ni kwamba kuona hutuwia rahisi mno hata hatujui tunavyoona. Mtoto wa miaka miwili humtambua mama yake akiwa amejifunga kanga nyingine, amegeuka upande, tena jioni. Mwulize amemtambuaje; hana jibu. Nasi hatuna.

Hatimaye wataalamu waliacha kuiandikia kompyuta kanuni za kila kitu. Badala yake waliionyesha mifano. Ukitaka ijue twiga, huielezi twiga. Unaionyesha picha elfu za twiga na elfu zisizo za twiga. Kila ikikosea, namba zake za ndani husogezwa kidogo upande wa kupata, na zoezi hurudiwa mara nyingi sana. Mwaka 2009 Fei-Fei Li na wenzake walitangaza hazina ya picha iitwayo ImageNet, ambayo baadaye ilivuka picha milioni 14, kila moja imeandikwa jina na mkono wa mtu. Mwaka 2012, katika mashindano yaliyotumia sehemu ya picha hizo, programu ya watu watatu wa Toronto, Kanada, ilikosea picha kama 15 katika kila 100, ikiruhusiwa kukisia mara tano kwa kila picha. Aliyeifuata alikosea 26. Tangu siku hiyo fani yetu haikurudi ilikotoka.

Pengine mtu atasema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Mfano mmoja mkubwa kabisa wa kazi hii umefanyika hapa kwetu, katika mbuga ya Serengeti. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walifunga kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hizo hazina mpiga picha. Mnyama akipita, joto lake na mwendo wake huzifyatua. Zikapatikana picha kwa mamilioni. Nani angezitazama zote? Waliombwa watu wa kujitolea, na makumi ya maelfu wakajitokeza kupitia mtandao, wakawa wanaandika: huyu nyumbu, huyu pundamilia, hapa ni nyasi tu zimepepea. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa majibu ya watu hao iliweza kuchukua asilimia 99.3 ya picha milioni 3.2 na kuzitambua kwa usahihi uleule wa watu, yaani asilimia 96.6. Iliokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi.

Naomba tusipite haraka. Kompyuta ile haikujifunza kutoka hewani. Ilijifunza kutokana na watu walioketi na kutazama, mmoja mmoja. Nyuma ya kila mashine inayoona kuna watu walioona kwanza.

Sasa tusogee shambani. Magonjwa mawili makubwa ya virusi vya muhogo yana historia katika nchi yetu. Ugonjwa wa batobato ulielezwa kitaalamu mwaka 1894 kutoka Usambara, na ule wa michirizi ya kahawia ulielezwa mwaka 1936 kutoka hukohuko, kwenye kituo cha Amani. Zaidi ya miaka themanini baadaye, mwaka 2017, watafiti wa chuo cha Penn State cha Marekani na wa taasisi ya IITA walichapisha matokeo ya kompyuta iliyofunzwa kwa picha 2,756 za majani ya muhogo, zote zimepigwa mashambani hapa Tanzania. Ilipata asilimia 93. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu ya simu, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Nuru. Inafanya kazi hata pasipo na mtandao.

Lakini mimi ni mtu wa takwimu, na mtu wa takwimu hashangilii asilimia kabla hajauliza imepatikana wapi. Mwaka 2020 Nuru ilipimwa mashambani. Kwa jani moja, ilipata asilimia 65. Ikitazama majani sita ya mmea mmoja, ilipanda hadi kati ya 74 na 88. Katika kipimo hichohicho maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Hapo pana mafunzo mawili. Kwanza, mashine iliwashinda watu, hatuna haja ya kuona haya kusema hivyo. Pili, ile 93 ya maabara haikuwa 93 ya shamba. Shambani kuna upepo, vumbi, mkono unaotikisika, na ugonjwa ambao ndio kwanza unaanza.

Ndugu zangu wa Mabira, sisi muhogo tunaula, lakini nyumba zetu zimesimama ndani ya migomba. Hapa kwetu, katika iliyokuwa wilaya ya Karagwe na sasa ni Kyerwa, mtu asiye na mgomba huonekana kama mpangaji. Na mgomba una adui. Mnyauko wa bakteria, ambao wengi mnauita unyanjano, ulijulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 ukaingia Uganda, na kati ya mwaka 2005 na 2006 ukathibitishwa hapa mkoani Kagera. Waliokuwepo wanakumbuka. Majani hugeuka njano na kunyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ua dume hukauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukikata tunda unakuta madoa ya kahawia ndani. Ukikata shina, baada ya muda kidogo linatoa usaha wa njano. Dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuugua hakuna. Kinachobaki ni kuuwahi: kuung'oa au kuukata ule ulioambukizwa, kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda, kusafisha panga kwa moto au kwa dawa ya klorini, na kutopanda machipukizi ya shamba lenye ugonjwa. Yote hayo yanategemea jambo moja, yaani kuutambua mapema.

Hapa ndipo moyo wa utafiti wangu ulipo. Je, simu ya mkulima inaweza kuutambua mapema?

Wengine wametangulia. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ya programu iitwayo Tumaini, jina la Kiswahili tena, iliyofunzwa kwa picha zipatazo 18,000 za migomba kutoka Afrika na kusini mwa India. Mnyauko wetu umo, na usahihi ulikuwa kati ya asilimia 70 na 99. Nao watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha walitoa hadharani, mwaka 2023, picha 16,092 za migomba ya Tanzania ili yeyote aweze kuzitumia. Picha hizo zinahusu migomba mizima pamoja na magonjwa mawili: Sigatoka nyeusi na mnyauko wa Fusari. Ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo, mnyauko wa bakteria, huu unaotusumbua sisi, haumo katika hazina hiyo.

Sasa nitawaeleza mambo matatu ninayoyatafiti, kila moja na sababu yake.

La kwanza ni mwanga. Ndani ya shamba la migomba jua halifiki sawasawa. Mwanga unaochujwa na majani una ukijani, na vivuli vimekatwakatwa. Tuseme mtafiti mmoja amepiga picha zote za migomba migonjwa siku ya mawingu, na zote za migomba mizima siku ya jua. Kompyuta itapata asilimia mia katika mtihani wake, nayo itakuwa haijajifunza ugonjwa hata kidogo. Imejifunza hali ya hewa. Mpelekee picha ya mgomba mzima siku ya mawingu, atakwambia ung'oe. Wazee husema mgeni ana macho makubwa lakini haoni. Mashine iliyofunzwa kwingine ni mgeni wa aina hiyo hapa Mabira. Natafuta njia za kurekebisha mwanga wa picha kabla haijapelekwa kwa mashine, na njia za kubaini kama mashine inatazama jani au inatazama mandhari iliyo nyuma ya jani.

La pili ni shaka, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Tufanye hesabu pamoja. Chukueni mfano wa shamba lenye migomba 1,000, na tuseme 20 kati yake ni migonjwa. Tuna mashine inayopatia mara 90 katika 100, kwa migonjwa na kwa mizima. Katika ile 20, itakamata 18 na kuacha 2. Katika ile mizima 980, itakosea asilimia 10, maana yake itasingizia migomba 98 isiyo na kosa. Basi iliyoambiwa ni migonjwa ni 116, na kati ya hiyo iliyo migonjwa kweli ni 18. Ni chini ya mmoja kati ya sita! Mkulima akitii neno la simu atakata migomba 98 ya bure, na akikata yote bado ameacha miwili yenye ugonjwa ikiendelea kuambukiza. Nayo mashine imeandikwa kwenye boksi kwamba ni ya asilimia 90.

Ndugu Mwenyekiti, mgomba usio na kosa ukikatwa, si namba iliyoharibika katika jedwali. Ni chakula cha watoto. Kwa hiyo mimi sitaki mashine inayojua kujibu tu, nataka mashine inayojua kusema "sina hakika." Ikiona jani la njano, isikimbilie hukumu. Jani la njano laweza kuwa ukame, laweza kuwa upungufu wa rutuba, laweza kuwa mnyauko wa Fusari. Huo wa Fusari hauwekei madoa ndani ya tunda, wala haushambulii sana ndizi zetu za kupika kama unavyoshambulia baadhi ya zile za kuiva na za pombe. Basi mashine iseme: nionyeshe ua dume; sasa kata tunda moja unionyeshe ndani; kisha mwite bwana shamba. Ndivyo afanyavyo daktari mwema. Hakukati mguu kwa sababu umechechemea.

La tatu ni simu yenyewe. Mashine hizi ni mamilioni ya namba. Tuseme ni namba milioni 4. Zikiandikwa kwa usahihi wa kawaida zinachukua megabaiti 16. Lakini kila namba ikiandikwa kwa ukali mdogo zaidi, kwa biti 8 badala ya 32, zinachukua megabaiti 4 tu, na mara nyingi majibu hayabadiliki sana. Hiyo ni kama kupima unga kwa kibaba badala ya mizani ya dhahabu; kwa ugali inatosha. Ninachopima ni hiki: unaweza kupunguza hadi wapi kabla mashine haijaanza kuchanganya magonjwa? Jibu lina maana kubwa kwa mtu ambaye simu yake ni ya bei nafuu, na mtandao anaupata akipanda mlimani.

Pengine kuna mwanafunzi anayejiuliza: ikiwa wataalamu wa Arusha na wa ng'ambo wanafanya haya, Mabira tunahusikaje? Nitajibu kwa mfano wa nyuso za watu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu tatu za makampuni zilizokuwa zikitambua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mashine hazikuwa na chuki. Hazina moyo wa kuchukia. Picha nyingi zilizotumika kuzijenga na kuzipima mashine za namna hiyo zilikuwa za watu weupe. Asiyekuwepo kwenye picha hakuonekana.

Ndivyo ilivyo kwa mgomba. Kama Enshakala na Enyoya za hapa kwetu hazimo katika picha za mafunzo, mashine itakapofika hapa itakisia. Na ikikisia, gharama haitalipwa na aliyeitengeneza. Italipwa na mama aliyekata mgomba wake.

Kwa sababu hiyo, Ndugu Mwenyekiti, sikuja na maneno matupu. Ninalo pendekezo kwa mkutano huu.

Shule ina shamba la migomba, lile ambalo kila mmoja wetu amelipalilia, ama kwa hiari ama kwa adhabu. Napendekeza kila mgomba upewe namba. Kila Ijumaa, wanafunzi wawili wapige picha za migomba hiyohiyo, mahali palepale: jani, shina, ua dume na mkungu. Katika daftari waandike tarehe, saa, jua au mawingu, aina ya ndizi, na walichokiona kwa macho yao. Bwana shamba wa kata aombwe kupita kila mwezi kuhakikisha majina ya magonjwa, na pale pasipo hakika ushauri uombwe kwa wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku. Baada ya mwaka mmoja shule itakuwa na kitu ambacho hazina nyingi kubwa hazina, yaani mgomba uleule ukifuatwa tangu ukiwa mzima, wiki hadi wiki, hadi siku ugonjwa unapoanza kuchungulia. Huko kuchungulia ndiko tusikokujua vizuri.

Nina masharti matatu. Kwanza, asiingie mtu shambani na panga lisilosafishwa; itakuwa aibu kueneza ugonjwa kwa kuutafiti. Pili, tusipige picha shamba la mtu bila ruhusa yake, na sura za watu zisiingie. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtumishi wa serikali hawezi kuwa wa kwanza kuisahau. Tatu, daftari ni mali ya shule. Atakayetaka picha hizo, awe mtafiti wa hapa au wa mbali, mimi nikiwemo, aje aombe, aeleze atazifanyia nini, na arudi kueleza alichokipata.

Kwenu wanafunzi wa zamani, ombi langu ni dogo. Wengi wetu tunazo simu majumbani zilizopasuka kioo kidogo na tukanunua nyingine, lakini kamera zake ni nzima. Tuzilete. Simu nne zinatosha kuanza.

Na kwenu vijana, nitasema kwa kifupi. Fani hii si ya wachawi. Anayetaka kuiingia ajue hisabati, hasa majedwali ya namba na takwimu. Ajue fizikia ya mwanga, apate kuelewa kwa nini rangi ya jani huonekana tofauti jioni. Ajue biolojia, asije akaifunza mashine uongo. Ajue pia kuandika vizuri, kwa maana daftari lisilosomeka ni sawa na picha iliyoungua. Na kitu kimoja hakimo katika mtaala: muwaulize bibi na babu zenu. Wao wana majina ya Kinyambo kwa kila hali ya mgomba, wa kiu, wa njaa, wa uzee, wa ugonjwa. Sisi tunaandika "njano" basi. Yaandikeni majina hayo. Mtu aliyeishi na mgomba miaka sabini ameona picha nyingi kuliko kompyuta yangu.

Nasikia pia hofu ya baadhi ya wazee kwamba mashine hizi zitamfukuza kazi bwana shamba. Kwa maoni yangu, bwana shamba mmoja mwenye vijiji vingi na pikipiki moja hana hatari ya kukosa kazi. Mashine nzuri itamwambia aanzie wapi asubuhi. Kumtazama mkulima machoni na kumwambia "mama, huu hatuna budi kuukata," na kisha kumsaidia kupanda mwingine, hiyo itabaki kazi ya mtu.

Shangazi, nadhani nimekujibu. Serikali haikukosa wapiga picha. Inahitaji watu watakaohakikisha kwamba yule anayetazama picha, awe mtu au mashine, haukati mgomba wako kwa kudhani.

Ndugu Mwenyekiti, naliweka pendekezo hili mbele ya mkutano lijadiliwe. Likikubaliwa, mimi nitaleta simu ya kwanza na madaftari mawili, na nitakuja mwenyewe Ijumaa ya kwanza kuwaonyesha wanafunzi namna ya kushika kamera isitikisike. Likikataliwa, naomba nielezwe sababu, nikajifunze.